Muhula wa Kunyamaza

7 Julai 1997

Ukungu haukuondoka hadi saa tano, na ulipoondoka nikakuta viti vya darasa langu vimepangwa duara kama vya watu wanaoota moto. Hiyo ndiyo zawadi ya Dkt. Cleopa, Mkuu wetu, aliyerudi juzi kutoka Uholanzi na sanduku la makaratasi. Kuanzia muhula huu, hapa katika chuo chetu cha matabibu Mbinga, hakuna tena kufundisha. Kuna kujifunza kwa tatizo. Wanafunzi wanapewa karatasi yenye habari za mgonjwa, wanakaa duara, wanachagua mwenyekiti, wanapita hatua saba, na mwisho wa hatua saba eti watakuwa wamejifundisha wenyewe. Mwalimu haitwi hata mwalimu. Anaitwa mwezeshaji. Kazi yake ni kukaa humo duarani na kufunga mdomo, na akiulizwa swali anarudisha swali.

Nilimwuliza Mkuu, kwa adabu zote, kama na mishahara itapita hatua saba. Hakucheka. Inaonekana huko alikokwenda walimnyang'anya na kicheko.

Daftari hili nimelinunua leo jioni. Mtu aliyekatazwa kusema mchana lazima apate pa kusemea.

10 Julai

Kundi langu lina vijana wanane, na watano kati yao wapo tu, kama viti. Nitawataja watatu. Kilian ndiye mwenyekiti, amechaguliwa kwa sauti yake. Baba yake ananunua kahawa. Tangu soko huria lifike, ushirika umebaki ghala lenye popo, na kila mwenye mizani na lori ni bwana mkubwa. Kijana naye anazungumza kama amesimama juu ya lori. Notburga ni wa kwetu Mbuji, mtoto wa wakulima, haongei mpaka ahakikishe. Edina anatoka ziwani, kijiji cha Lipingilo, kusini ya Kihagara. Ni Mwanglikana, mpole, anakaa karibu na mlango.

Karatasi ya kwanza ilikuwa mama mjamzito aliyeishiwa damu. Wakaelea na tatizo hilo asubuhi nzima. Mmoja akasema moyo, mwingine figo, Kilian akasema huenda ni mawazo. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema ni safura, minyoo imemmaliza damu, mpimeni choo mmpe dawa, twendeni tukanywe chai.

Kumbe Mkuu yuko dirishani. Akaingia, akanikemea mbele ya watoto. "Mwalimu Mansuetus, umewanyang'anya."

"Nimewanyang'anya nini, Mkuu?"

"Safari yao ya kulifikia jibu."

Nikamwambia mgonjwa anakufa, sisi tuko safarini. Akasema nikirudia ataniondoa kwenye mpango, na kwamba nafahamu serikali inapunguza watu mwaka huu. Sikuogopa. Niliudhika, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mimi nimefundisha matabibu waliozagaa mkoa mzima, leo huyu Mkuu, mtoto niliyemfundisha kushika sindano, ananifundisha kufunga mdomo.

Haya. Wanataka ninyamaze, nitawanyamazia. Mwezi wa tisa wanakuja wageni wa wafadhili kuukagua mpango huu. Nitakaa kimya mpaka siku hiyo, na wageni wataona wenyewe vijana wasiofundishwa wanafikia wapi.

15 Julai

Baridi. Hatua ya tatu. Nimenyamaza.

23 Julai

Hatua ya tano inaitwa "kupanga malengo ya kujifunza." Wamepanga malengo kumi na manne. Maktaba ina kabati moja, na nusu ya kabati ni vitabu vya misaada kuhusu ufugaji wa bata. Kilian kaniuliza ugonjwa wa kifua unaambukizwa vipi. Nikamjibu kama nilivyofunzwa: "Nyinyi mnaonaje?" Akaona nimemjibu kwa ukali. Nimelipenda neno hilo. Ni njia halali ya kumwambia mtu aende zake.

4 Agosti

Karatasi mpya, hii ndefu kidogo. Katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, watoto na akina mama kadhaa wameamka hawawezi kutembea sawasawa. Miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanasuguana, wanatembelea vidole. Homa hakuna. Maumivu hakuna. Akili nzima.

Nilisoma hadi hapo nikaiweka chini. Ni konzo. Inaletwa na mihogo michungu iliyoliwa bila kulowekwa vya kutosha, hasa pale mtu asipopata samaki wala maharage ya kusindikizia. Sumu ya mihogo inapiga mishipa ya fahamu inayoendesha miguu. Niliiona nikiwa kijana, kwenye zahanati huko huko ziwani, mwaka wa njaa. Mguu ukishakakamaa haurudi. Ila aliyepigwa kidogo, akibadilishiwa chakula, hubaki na hicho kidogo. Akiendelea kula inaweza kumpiga mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayomkalisha chini. Basi, hayo ndiyo yote. Ni somo la robo saa ubaoni, na chaki inabaki.

Lakini mimi ni mwezeshaji.

Kilian kasema polio, kwa sababu mabango ya chanjo yamebandikwa kila ukuta kuanzia sokoni. Wote wakaitikia polio. Kisha akaongeza utani: "Au ni mihogo. Hawa ndugu zetu wa ziwani si wanakula mihogo mpaka miguu inakuwa mihogo?" Duara zima likacheka. Edina naye akacheka kidogo, akitazama viatu vyake. Basi jibu limepita katikati yao, wamelicheka, limetoka mlangoni. Nilikaribia kucheka mimi pia, ila si kwa sababu yao.

Sijui Mkuu kaitoa wapi karatasi hii. Labda kwenye mafaili ya zamani ya mkoa.

11 Agosti

Edina alinisubiri nje baada ya kipindi. Alishika mikono nyuma kama mtu anayekuja kuomba ruhusa.

"Mwalimu, ule ugonjwa wa kwenye karatasi. Nyumbani Lipingilo wapo watu wa hivyo. Mdogo wangu Glorious, yuko darasa la pili, mama ameniandikia kwamba akikimbia magoti yanatetemeka, anaanguka. Akitembea taratibu anatembea. Mwalimu, ni polio?"

Kwa hiyo si faili la zamani. Ni sasa hivi, chini ya mlima huu.

Nilimtazama. Mkuu alikuwa barazani kwake, anatutazama kwa ule uso wake wa kukagua. Nikamwambia, "Nyinyi mnaonaje?"

Alingoja kidogo, labda akidhani kuna kingine kinakuja. Kisha akasema asante mwalimu, akaenda.

Naandika hivi ili ieleweke. Swali aliliuliza kuhusu karatasi ya darasani, na karatasi ya darasani ina sheria yake. Sheria sikuitunga mimi. Anayetaka kulalamika ajue ofisi ya Mkuu iko wapi.

17 Agosti

Nilikwenda Mbuji kusaidia kuchuma. Kahawa ni chache na nyeusi kwa ukame, lakini wanunuzi wanapigana barabarani kama wanagawiwa bure. Zamani ushirika ungezirudisha zile mbovu. Sasa mtu anamimina kwenye gunia moja mbivu, mbichi na mawe, na bado anashukuriwa.

Wakati wa kula nikamsimulia mke wangu habari za duara, za wale vijana na polio yao, nikijua atacheka. Walburga aliacha kula.

"Baba Egidi, mtoto wa mtu anaanguka, na wewe unajua kwa nini?"

Nikamweleza habari za sheria, za Mkuu, za wageni wanaokuja tarehe ishirini na mbili mwezi ujao.

"Na hao wageni wakija, mtoto ataacha kuanguka?"

Nikamwambia hajui mambo ya chuo. Akasema kweli hajui. Alinawa mikono, akarudi kwenye miti ya kahawa bila kunisubiri. Wanawake hawajui kumheshimu mtu aliyedharauliwa kazini.

1 Septemba

Notburga amewaharibia polio yao. Kasimama, kasema polio hulegeza mguu, na mara nyingi hushika mmoja, na huja na homa. Wagonjwa wa karatasi wamekakamaa miguu miwili sawasawa na hawana homa. Kitabu kakitoa wapi sijui, katikati ya bata. Kilian akasema labda ni polio ya aina mpya. Notburga akamwuliza ameisoma wapi. Akanyamaza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza namwona akinyamaza.

Yule binti ana kichwa. Ingekuwa zamani ningemwita mbele, ningempa chaki. Sasa naketi nimekunja mikono, nasikia anakosea kidogo kisha anapatia kidogo. Inanichosha kuliko kufundisha.

Ameuliza kundi: hawa watu wanaishije? Wanakunywa nini, wanakula nini? Wakamgeukia Edina. Edina akasema, "Kama kawaida. Samaki, wali." Kilian akainua nyusi, akatabasamu, na Edina akainamisha kichwa.

9 Septemba

Leo tumeshuka ziwani. Mkuu katoa Land Rover ya chuo ili kundi "likutane na tatizo." Tatizo, kama ilivyotarajiwa, ni Lipingilo.

Tulitoka Mbinga na masweta, tukafika chini tumeyafunga kiunoni. Ziwa lilikuwa limechafuka, upepo wa kusini unapiga, mitumbwi imepandishwa mchangani. Kuna malori mawili yalikuwa yameegeshwa karibu na soko, moja linapakia magunia ya makopa ya mihogo, jingine usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa. Mihogo ilianikwa kila mahali, juu ya miamba, juu ya mapaa, juu ya mikeka. Nikapita, nikaokota kipande. Kigumu, hakina ile harufu ya kuchacha. Kimemenywa na kuanikwa tu, hakikuona maji. Kwenye magunia ya lori makopa yalikuwa meupe, laini, yaliyolowekwa kwa subira zote. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Nzuri inapanda lori, mbaya inaingia chunguni.

Vijana wangu wakaanza kazi. Wakauliza habari za chanjo. Wakauliza vyoo. Wakapima urefu wa majani yanayoficha mbu, sijui kwa nini. Kilian alimwuliza mzee Edmund, mwenyekiti wa kijiji, kama kuna wageni kutoka nje waliopita na virusi. Mzee akasema wageni ni wao wenyewe.

Mchana tukaalikwa nyumbani kwa akina Edina. Mkeka ukatandikwa, maji ya kunawa yakaletwa, ukaja wali mweupe na samaki wakubwa wawili wa mchuzi. Mama yake alipiga magoti akatukaribisha, akaomba radhi kwamba ni kidogo. Vijana wakala wakashiba. Kilian akaandika kwenye ripoti, nilimwona kwa macho yangu: "Lishe ya jamii ni nzuri. Wali na samaki." Mtoto wa mnunuzi wa kahawa hajui kwamba mgeni hapewi chakula cha nyumba. Kwao mlimani ni vivyo hivyo, mgeni huchinjiwa kuku anayetaga, lakini akivuka kijito kimoja anasahau na anaona anachopewa ndicho kinacholiwa.

Nikaomba kwenda kujisaidia, nikazunguka nyuma. Glorious alikuwa kaketi nyuma ya jiko na wenzake, wanakula ugali wa mihogo wa kijivu na kisamvu kilichochemshwa kwa chumvi. Samaki hata harufu hamna. Aliponiona alisimama kwa heshima, na aliposimama magoti yake yakatikisika, akashika ukuta. Ana tabasamu la dada yake. Mguu wake nilioutazama ulikuwa umepigwa kidogo. Kidogo tu, nasema.

Mama yake akatokea na sahani, akaona ninachokitazama. Akaweka sahani chini.

"Mwalimu, nakuomba. Usituaibishe mbele ya vijana wa mlimani. Edina anasoma nao."

Nilitaka kumwambia neno moja: loweka. Kweli nilitaka, lilikuwa hapa mdomoni. Lakini kumwambia mama ni sawa na kumwambia binti, na kumwambia binti ni sawa na kuliambia duara, na jioni ileile Mkuu angesema mzee Mansuetus ameshindwa tena kuvumilia. Wageni wako karibu. Nikamwambia, "Usijali, mama. Sitasema kitu."

Akanishukuru. Alinishukuru kwa moyo wote.

14 Septemba

Upepo, vumbi, milima yote inaungua moshi wa mashamba. Walburga kaja mjini kanisani, hakupita kwangu.

22 Septemba

Siku yangu, nilidhani.

Wageni watatu, makoti mepesi, chupa za maji mikononi. Kundi langu likatangulia. Kilian akachora duara kubwa ubaoni na mishale mingi, akaeleza hatua zote saba, akasema kundi limefikia hitimisho kwamba ni "kirusi kisichojulikana kinachofanana na polio" na wanapendekeza utafiti zaidi. Notburga alikuwa amekunja uso, hakukubaliana naye, lakini hana cha kuweka mahali pake. Edina alikaa nyuma, karibu na mlango.

Nikajiegemeza kwenye kiti. Miezi yote hii, mafuta ya gari, karatasi, chaki za rangi, na jibu ni kirusi kisichojulikana. Nikasubiri wageni wachukie.

Walipiga makofi. Mmoja wao, mama mwenye miwani ya kuning'inia, akasema jibu si muhimu, muhimu ni kwamba vijana wameuliza maswali. Akasifu mishale. Mkuu akang'aa uso mzima. Wakapigwa picha, nami nimo, pembeni.

Kwa hiyo nimenyamaza bure. Hata kukosea kwao hakukuhesabiwa kuwa kukosea. Nimekaa hapa chumbani na hasira ambayo sina wa kumpa.

25 Septemba

Asubuhi mtu wa lori la usipa alileta habari chuoni. Glorious aliamka juzi, akateremsha miguu kitandani, ikakataa. Si kutetemeka tena. Imekaza, imepishana kama mkasi, hata kumsimamisha kwa kumshika kwapani haiwezekani.

Nilidhani Edina ataomba ruhusa aende. Alikuja darasani. Akaingia katikati ya duara, hakukaa.

"Nina jambo la kusema, na atakayetaka kucheka acheke. Kwetu tunakula mihogo. Mihogo michungu. Zamani tuliiloweka mpaka inalainika mkononi, ndipo tunaianika. Mwaka huu mvua ilikataa, mahindi yamekufa, mpunga umekufa. Malori yamekuja, yanataka ile nyeupe iliyolowekwa. Mama anaiuza. Tunayokula sisi inamenywa leo, inaanikwa, kesho inatwangwa. Usipa nao wanapanda lori. Wale samaki mliokula kwetu, mama alikopa kwa jirani, na wali pia. Niliwaambia tunakula wali kwa sababu niliona aibu. Basi. Sasa nambieni kama hilo linaingia kwenye hatua zenu."

Hakuna aliyecheka. Kilian alikuwa anatazama mikono yake. Notburga alitoka bila kuaga, tukasikia kabati la maktaba linafunguliwa, na baadaye akarudi na kitabu chembamba kisicho na jalada. Alisoma kwa sauti. Mihogo michungu, njaa, miguu miwili kukakamaa, hakuna homa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Alipofika hapo akakifunga kitabu.

Kwa hiyo wamelifikia. Peke yao. Duara lao, maswali yao, kitabu chao. Sasa nakiri kwamba ule upuuzi wa Mkuu una kitu ndani yake, kwa sababu hakuna ubao wangu wowote ambao ungemfanya Edina aseme yale. Lakini kilichowafikisha ni miguu ya mtoto, na miguu hiyo ilikuwa inatembea ndani ya mwezi wa nane.

Edina akanigeukia. "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kurudisha swali. Nikasema, "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu karatasi iliposomwa."

Alinitazama, halafu akaokota mkoba wake akatoka. Sikuona chuki. Ningeona chuki ningejua la kufanya.

Ni Notburga aliyebaki kunisema. "Mwalimu, sheria ilikukataza kutupa jibu sisi. Kule nyuma ya jiko hakukuwa na darasa." Basi mama yake kamwambia Edina, na Edina kamwambia yeye. Binti wa Mbuji, mtoto wa majirani zangu, ananisema hivyo.

Nikaenda kwa Mkuu, nimejaa. Nikamwuliza inakuwaje anachukua watu wanaolemaa sasa hivi, anawafanya zoezi. Akawa mweupe midomo. Akasema taarifa ilitoka zahanati ya huko mwezi wa saba, alidhani wakubwa wameshapelekewa, wameshakwenda. Alidhani. Amesoma Uholanzi na anadhani.

"Na wewe, mwalimu, ulijua lini?"

Nilimwambia. Tukabaki tunatazamana, watu wazima wawili wajinga, na kengele ya chakula ikapigwa.

28 Septemba

Kilian amechukua lori la baba yake. Kalipakia magunia ya maharage, sikuuliza ya nani wala kapewaje, kawapakia kundi zima, wakashuka ziwani. Wamekaa huko siku mbili wakipita nyumba kwa nyumba na akina mama wa kanisa la Edina. Notburga anasema Kilian alikaa mchangani na wanawake akajifunza kumenya na kuloweka, na kila nyumba aliomba apewe ugali wa mihogo, sio wali. Akala wote. Sikudhani ana hilo ndani yake. Nilimwona ni sauti tu.

Mimi sikualikwa. Land Rover ilikuwepo, ningeweza kuomba. Sikuomba.

31 Oktoba

Kufunga muhula. Mkuu akasimama na barua ya wafadhili, akasoma matokeo ya ukaguzi wa wawezeshaji. Kipimo chao cha kwanza ni kutoingilia. Mwezeshaji bora wa muhula ni Mwalimu Mansuetus, ambaye baada ya juma la kwanza hakuwahi kutoa jibu hata mara moja, "pamoja na uzoefu wake mkubwa."

Mkuu alisoma bila kuinua macho. Hata yeye aliona haya, lakini barua ni barua. Watu wa makundi mengine wakapiga makofi. Kundi langu walikaa. Nimepewa cheti, na mwezi wa kwanza nimeteuliwa kwenda Songea kuwafundisha walimu wenzangu namna ya kunyamaza.

Sikukataa.

12 Novemba

Mvua ya kwanza, kubwa mno kwa mvua ya kwanza. Redio inasema mwaka huu itazidi. Barabara ya ziwani imekatika mahali.

28 Novemba

Nilikuwa stendi ya Mbinga leo asubuhi, nasubiri gari la Mbuji. Matope hadi kwenye vifundo. Basi la ziwani lilikuwa limejaa, kondakta anapanga magunia juu, na chini ya paa la kibanda cha chai nikamwona Edina. Alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni kwa khanga, mtoto wa darasa la pili, miguu mirefu inaning'inia imepishana. Wanatoka hospitali ya misheni. Wamepewa magongo, yamefungwa pamoja na mizigo.

Nilitaka kuzunguka upande wa pili. Akaniona.

Alinisogelea mwenyewe, akapiga goti kidogo na mzigo wake wote, akanisalimu. Nikaitika. Nikauliza hali ya mama, akasema hajambo, sasa wanaloweka, kijiji kizima wanaloweka, tangu mwezi wa tisa hajaongezeka mgonjwa. Nikasema vizuri. Kisha akageuza kichwa begani.

"Glorious, msalimie. Huyu ndiye mwalimu wangu niliyekwambia. Ndiye anayeujua ugonjwa wako kuliko watu wote."

Hakulisema kwa kejeli. Nimelipima neno hilo mchana kutwa, na sikuona kejeli.

Mtoto alitoa uso nyuma ya bega la dada yake. Alinikumbuka, nadhani, yule mgeni wa nyuma ya jiko. Akatabasamu, akanipa shikamoo safi, kisha akauliza kama mtu aliyefika hatimaye kwa mwenye majibu.

"Mwalimu, nitatembea lini?"

Nikamtazama Edina anisaidie. Hakunisaidia. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akasubiri nijibu mimi.